Kunyamaza na Kutunza

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hiyo niliwafundisha vijana wa ualimu kwa miaka mingi. Niliwaeleza kuwa kata ndiyo inayoingia ndani ya mtungi kila siku, hivyo ndiyo inayojua kama maji ni mengi au machache, safi au ya tope. Wapita njia huona udongo wa nje tu. Na kila nilipowaeleza hivyo nilijihesabu mimi mwenyewe kuwa miongoni mwa kata. Mwalimu mkuu huingia katika mitungi ya watu wengi kuliko anavyotaka. Hujua nani hana nauli ya kurudi nyumbani, nani amepigwa na mumewe, nani analia usiku bwenini na kwa sababu gani. Nilijivuna kimoyomoyo kwamba katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyesikia jambo la mtu kutoka kinywani mwangu.

Jambo ambalo sikuwaambia vijana wale, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria, ni kwamba kata nayo huwekwa mahali, na mahali hapo hupita watu.

Swali ninalotaka tulitazame katika kurasa hizi ni hili: mtu aliyeaminiwa siri ana deni gani? Je, akifunga mdomo wake amelipa deni lote, au limebaki jingine? Nimevuka umri wa miaka sabini nikidhani najua jibu. Kilichonionyesha kwamba silijui ni kompyuta iliyo juu ya meza chumbani kwangu.

Kizazi changu hakikukua na mashine hizi. Mwaka 1974, wakati mimi ni kijana ninayejiandaa kuwa mwalimu, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tulifanya kazi kwa kalamu na mashine ya kupiga chapa. Mambo ya ofisini yalikaa katika majalada, na majalada ya siri yalikaa katika kabati la chuma lenye funguo mbili. Lakini mimi nilikuwa pia na desturi yangu binafsi. Kila jioni niliandika katika kaunta buku mambo ya siku hiyo: nani alikuja kuniona, alisema nini, niliamua nini na kwa nini. Sikuandika ili mtu asome. Niliandika kwa sababu mwenye kuamua mambo ya watu wengi husahau, na akisahau hudhulumu. Nilipostaafu nilikuwa na kaunta buku kumi na nne ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda, na kufuli juu yake.

Mwaka 2014 binti yangu mkubwa aliniletea kompyuta ili niandike kumbukumbu za maisha yangu. Nilipofungua sanduku nilikuta mchwa wamekwisha kula pembe za madaftari mawili. Nikaingiwa na hofu. Kwa muda wa miaka mitatu nikawa nachapa, kwa vidole viwili, ukurasa baada ya ukurasa, hata madaftari yote yakawa ndani ya kompyuta. Nikapumua. Niliwaogopa mchwa, watu sikuwafikiria.

Mwaka 2019 kompyuta ile ilikataa kuwaka. Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akaniuliza neno la siri la kuifungulia, nami nikamtajia bila kusita, kama vile mgonjwa anavyomtajia daktari umri wake. Akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya mfuniko, akaiweka mashine yangu juu ya meza pamoja na nyingine tano au sita. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi walikuwa wakipita huku na huku. Siku ya nne nikaichukua ikiwa nzima. Nililipa, nikashukuru, nikafika nyumbani nikayakagua mafaili yangu. Hakuna hata moja lililopungua. Nililala usingizi mzuri.

Baada ya miezi mitano nilipigiwa simu na mwanamke mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Kabla sijaendelea, naomba msomaji ajue kwamba haya nayaandika kwa idhini yake, na kwamba nimebadilisha mambo ambayo yangeweza kumtambulisha. Alinisomea kwanza maneno haya naye akakubali, na pale alipokataa nilifuta.

Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamwuliza habari za kazi na za nyumbani. Akajibu kwa ufupi. Kisha akanyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Mwalimu," akasema, "yule mdogo wangu ameniuliza swali. Ameambiwa na watu. Jambo hilo tulilijua watatu: mimi, mama yangu na wewe. Mama amekwisha fariki."

Mwaka 1987 mwanamke huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo nilichokuwa nikikiongoza. Siku moja alikuja ofisini, akafunga mlango, akaniomba nimsaidie apangiwe kazi karibu na kwao. Nilimwambia kila mwanafunzi anataka karibu na kwao. Ndipo akaniambia kwamba mtoto wa miaka miwili aliyekuwa kwa mama yake, ambaye kijiji kizima kilimjua kuwa mdogo wake wa mwisho, alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Mama yake alikuwa amembeba mjukuu akamwita mwana, ili binti aweze kusoma. Jambo kama hilo si geni kwetu. Familia nyingi zimewasitiri mabinti wao kwa njia hiyo. Niliandika barua kwa wakubwa nikiomba apangwe wilaya yake "kwa sababu za kifamilia," na ombi likakubaliwa. Jioni ile, katika kaunta buku, niliandika sababu yenyewe.

Sasa miaka thelathini na zaidi imepita, na mwanamke huyu ananiuliza. Nikamjibu kwa kiburi cha mtu asiye na hatia: "Mwanangu, sijamwambia mtu yeyote. Hata mke wangu hajui."

"Najua hukusema, Mwalimu," akaniambia. "Lakini uliandika?"

Sikuwa na la kujibu.

Siku chache za kwanza nilitafuta wa kumtwika lawama. Nilimwona fundi, niliwaona vijana wake, nikawaona hata waliokuja nyumbani wakati wa sikukuu na kuitumia kompyuta kuangalia picha. Lakini ukweli ni kwamba sina ushahidi juu ya mtu yeyote, na kumtuhumu mtu bila ushahidi ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Ninachokijua kwa hakika ni kimoja: mlango ulikuwa wazi, na mwenye mlango ni mimi.

Tuseme jirani yako anasafiri, anakuachia mbuzi wake. Akirudi anakuta mbuzi hayupo. Unamwambia, "Ndugu yangu, naapa sikumchinja wala sikumla." Maneno yako ni ya kweli kabisa. Lakini hukumfunga kamba, na zizi hukuliziba. Je, jirani ataridhika? Hatakuita mwizi, lakini hatakuachia mbuzi mwingine. Basi amana haidai usiile tu, inadai uilinde. Na siri ya mtu ni amana kama mbuzi. Tofauti yake ni kwamba mbuzi akipotea unaweza kulipa mwingine.

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kati ya kunyamaza na kutunza. Kunyamaza ni kazi ya ulimi. Wazee wetu iliwatosha, maana siri ilikaa kichwani, na kichwa hakina mfuniko wa kufunguliwa na fundi. Kutunza ni kazi ya mikono na akili: kujua kitu kiko wapi, nani anaweza kukifikia, na kitakuwaje mimi nisipokuwepo. Mtu anayeandika amekwisha toka katika kunyamaza peke yake, apende asipende. Ameipa siri mwili, na mwili huhitaji nyumba.

Mwaka 2020 mjukuu wangu, ambaye masomo yake ni ya kompyuta, alikaa nasi kwa miezi kadhaa. Nikamwomba anifundishe kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza. Alinifundisha mambo matatu, nami nayaeleza hapa kwa sababu nadhani wazee wenzangu wengi wana kompyuta nyumbani na hawajayasikia.

La kwanza, wizi wa maandishi si kama wizi wa mbuzi. Mtu akiiba kutoka katika sanduku la bati, kufuli litavunjika na sanduku litapungua. Lakini faili huibwa kwa kunakiliwa, na lile la asili hubaki mahali pake. Ndiyo maana nilipoyakagua mafaili yangu siku ile nikalala usingizi. Nilikuwa natafuta pengo, na wizi wa namna hii hauachi pengo.

La pili, neno la siri la kuingilia peke yake si kufuli. Mjukuu aliichomoa diski kutoka katika kompyuta yangu, akaiunganisha kwa waya mfupi na kompyuta yake, na kabla sijamaliza kikombe changu cha chai alikuwa amefungua kaunta buku la saba. Hakuniuliza neno lolote. Nilishtuka kama mtu ambaye kila usiku amekuwa akiutia mlango wa mbele makomeo mawili, kumbe nyumba haina ukuta wa nyuma.

La tatu, kufuta si kuteketeza. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, hata ukimwaga na pipa la taka, mashine huliondoa katika orodha yake, lakini maandishi yenyewe yanaweza kubaki ndani ya diski mpaka yafunikwe na mengine. Mwenye ujuzi anaweza kuyarudisha.

"Sasa kufuli la kweli ni lipi?" nikamwuliza. Akaniambia ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yenyewe yawe fumbo lisilosomeka ila kwa mwenye ufunguo.

Nilicheka, kwa kuwa nilikumbuka kinyume. Msomaji aliyekaa shule ya bweni anajua kinyume: silabi ya mwisho ya neno inaletwa mwanzo, sukari inakuwa "risuka," kitabu kinakuwa "bukita." Wanafunzi walizungumza hivyo mbele yetu walimu wakidhani hatusikii, na mimi nilipopita walisema "mumwali." Lakini kinyume kina udhaifu mmoja. Ukishajua namna kinavyotengenezwa, umekijua chote, na umewajua wote wanaokisema. Siri yake iko katika njia.

Mjukuu akaniambia kwamba mtu aliyelieleza vizuri jambo hilo alikuwa mwalimu wa lugha. Jina lake Auguste Kerckhoffs, Mholanzi kwa kuzaliwa, aliyekuwa akifundisha Kijerumani jijini Paris. Mwaka 1883 aliandika kwamba fumbo jema ni lile ambalo adui anaweza kuijua njia yake yote na bado asilifumbue, maadamu hana ufunguo. Usimbaji unaotumika zaidi leo umefuata kanuni hiyo. Unaitwa AES, umetokana na kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani iliuidhinisha rasmi mwaka 2001. Njia yake imechapishwa wazi kwa ulimwengu mzima. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Matoleo kadhaa ya Windows yana chombo cha kazi hiyo kiitwacho BitLocker, na ipo programu ya bure, VeraCrypt, iliyotoka mwaka 2013. Mjukuu alinisaidia kuifunga diski nzima. Ufunguo wangu si jina la mjukuu wala mwaka wa kuzaliwa, bali maneno sita ya Kiswahili yasiyohusiana, marefu kwa mwizi na mepesi kwa mzee.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa imeanza upande mwingine wa nyumba.

Mke wangu alikuwa na desturi ya kuiwasha kompyuta ile kusikiliza kwaya. Asubuhi moja akakuta inadai maneno asiyoyajua. Akaja uani nilipokuwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, tumeishi miaka arobaini na sita. Leo mimi ni mwizi?"

Nilitaka kumweleza habari za diski na waya, nikaona sizo alizoniuliza. Alikuwa ananiuliza kama kufuli ni tusi. Na swali lake lina uzito. Katika nyumba zetu mlango wa chumba hufunikwa kwa pazia, na pazia halimzuii mtu. Humwambia tu abishe hodi. Mwenye kuweka kufuli mahali pa pazia amesema kwamba haiamini tena hodi ya watu wake.

Tulikaa kimya. Macho yangu yakaangukia pindo la kanga yake. Kila mwanamke niliyemjua, kuanzia mama yangu, alikuwa na fundo katika pindo la kanga, ndani yake pesa kidogo au kikaratasi. Nikamwambia, "Mama watoto, pindo lako sijalifungua hata siku moja, hata ulipokuwa umelala."

Akatabasamu kidogo. "Kwa sababu hukuweza, au kwa sababu ulijizuia?"

"Nilijizuia."

"Basi mbona mimi umenifanya nisiweze?"

Nakiri kwamba katika mjadala huo alinishinda. Kujizuia ni heshima, na kufuli huinyima heshima nafasi ya kuonekana. Asiyeweza kuiba hatusemi ni mwaminifu. Hata hivyo nilimweleza habari ya yule mwanafunzi, bila kumtaja wala kusema siri yake ni nini. Nilimwambia kuna mtu ameumia kwa uzembe wangu, na kwamba vitu vilivyomo humo si vyangu, nisingeweza kumpa hata yeye. Pindo la kanga lina pesa zake mwenyewe. Akitaka kulifungua mbele yangu ni hiari yake. Kaunta buku zangu zina pesa za watu wengine. Alifikiri, akasema, "Hilo ungeniambia kabla ya kufunga." Alikuwa na haki. Siku ile mjukuu alitengeneza sehemu mbili: ya familia, ambayo mke wangu ana neno lake, na ya amana. Kufuli lisilosemwa hujenga shaka, lakini likielezwa huwa ni mipaka tu.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwema hana cha kuficha, na kwamba mafumbo haya yanawafaa waovu. Nimelipima neno hilo. Ni kweli kwamba kufuli halimjui mwenye haki. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Kilitumia usimbaji huu huu kuyafunga mafaili ya watu kisha kikadai fidia. Lakini kisu hakiachi kuwa chombo cha jikoni kwa sababu muuaji naye anacho. Na yule mwanamke, alikuwa na uovu gani wa kuficha? Alikuwa na mtoto, na mama aliyempenda. Alichokitaka ni kuchagua mwenyewe siku ya kusema, na maneno ya kusemea. Hiyo ndiyo faragha: si giza la kutendea mabaya, ni haki ya mtu kuwa msimulizi wa maisha yake mwenyewe. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitambua katika ibara ya 16, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti kwa wanaokusanya habari za watu. Lakini sheria hufika baada ya jambo kuharibika. Kabla yake kuna dhamiri ya mwenye sanduku.

Kiswahili chetu kinatupa maneno mawili hapa, kuficha na kusitiri, na kwa maoni yangu hayalingani. Anayeficha hujifikiria yeye. Anayesitiri humfikiria mwingine. Nilipoyapitia mafaili yangu kwa maneno hayo mawili niligundua jambo lisilonipendeza. Mengi yalikuwa ya kusitiri, lakini moja lilikuwa la kuficha. Miaka mingi iliyopita nilimsimamisha masomo kijana mmoja kwa wizi wa blanketi, na baada ya kuondoka nikajua hakuwa yeye. Niliandika hivyo katika kaunta buku, nikanyamaza, nikaita kunyamaza huko hekima. Faili hilo nilikuwa nimelifunga pamoja na mengine, nalo likakaa humo likijifanya amana. Nililitoa. Nilimtafuta kijana yule, ambaye sasa ni babu, nikamwandikia barua ya kuomba radhi. Alinijibu kwa mistari minne. Hakusema amenisamehe, alisema amefurahi kwamba mama yake, aliye hai, ameisoma.

Limebaki suala la kifo, ambalo mtu wa umri wangu halikwepi. Kaunta buku zikirithiwa husomwa na yeyote ajuaye kusoma. Kompyuta iliyosimbwa ni kinyume chake: nikifa na maneno yangu sita kichwani, hakuna fundi atakayeifungua. Najua mzee mmoja aliyefariki, na picha za ndoa yake, hati za kiwanja na ukoo mzima alioukusanya kwa miaka kumi vikabaki ndani ya mashine kama chakula ndani ya ghala lisilo na mlango. Huko nako ni kuharibu amana, maana picha zile zilikuwa za watoto pia. Kwa hiyo kila anayefunga lazima aamue mapema nini kife naye na nini kisife. Mimi nimefanya hivi. Neno la sehemu ya familia nimeliandika katika karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, na mke wangu na binti yangu wanajua ilipo. Nakala ya mafaili hayo iko kwa binti yangu, ili hata moto ukitokea yasipotee. Neno la sehemu ya amana sijaliandika popote. Nikifa litazikwa nami, na siri zile zitabaki kelele tupu ndani ya diski. Kwa mwanahistoria hiyo ni hasara, nami naipenda historia. Lakini walionifungulia mioyo yao walimfungulia mwalimu wao, hawakuifungulia historia.

Kabla ya hapo, lakini, nimeanza kuirudisha amana kwa wenyewe, kwa kuwa njia bora ya kulinda kitu cha mtu ni kumpa mwenyewe. Yule mwanamke nilikuwa wa kwanza kumwita. Alikuja Jumamosi moja. Nililifungua sanduku la bati mbele yake, nikachana kurasa mbili za daftari la mwaka 1987, nikampa. Kisha nikalifuta faili lake pale pale akiangalia, katika diski ambayo sasa imesimbwa, na katika nakala zake zote. Alizisoma kurasa zile kwa muda mrefu. Nilidhani angezichoma, akazikunja akazitia mkobani.

Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa na nia ya kumwambia siku moja. Nilikuwa nangoja kupata ujasiri. Sasa wamemwambia watu wasiompenda."

Baada ya swali lile alikuwa amemweleza mwanawe kila kitu. Kijana, ambaye ni mtu mzima mwenye watoto wake, hakuzungumza naye kwa miezi mitatu. Kisha akarudi. Mbele za watu bado anamwita dada.

Maji yakimwagika hayazoleki. Maneno sita yenye nguvu niliyoyaweka mwaka 2020 hayawezi kuirudisha nakala iliyotoka mwaka 2019. Ndiyo sababu nimeandika insha hii, si kwa kujitakasa, bali kwa ajili yako msomaji ambaye mbuzi wako bado yumo zizini. Huenda unadhani huna siri kubwa. Lakini fikiri ni za nani ulizo nazo: barua ya rafiki, majibu ya hospitali ya ndugu yako, picha ya mtoto wa jirani, neno aliloandika mtu usiku akiwa na machozi akakutumia wewe na si mwingine. Wote hao wanadhani kwa kuwa wewe ni mnyamavu, wako salama. Inuka leo ukaangalie kama nyumba uliyowaweka ina ukuta wa nyuma.